SEHEMU YA 4: Kikao cha kila wiki kilichofika mpaka mdomoni kwa mwanao

Mama, chukua kadi ya kliniki ya mwanao uiangalie. Kuna mstari wa matone ya polio: ya kuzaliwa, ya wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kwenye sehemu zilizopita tuliongelea chanjo zenyewe. Leo nakupa historia ya watu waliosukuma yale matone yafike kwetu, na wengi wao wala hawakuwa madaktari. Walikuwa wanakikundi. Watu wanaokutana mara moja kwa wiki, wanakula, wanaimba na kutozana faini, kama wewe na kikoba chako cha Jumapili.

Tuanzie Chicago, Marekani. Kuna mwanasheria anaitwa Paul Harris. Huyu alilelewa na babu na bibi yake kwenye mji mdogo wa Wallingford, jimbo la Vermont, sehemu ambayo kila mtu anamjua mwenzie. Akaja mji mkubwa kutafuta maisha. Kazi akapata, wateja akapata, ila ikifika siku ya mapumziko hana wa kukaa naye. Dada uliyeolewa ukahamia mkoa mwingine, ukajifungua huko huna mama wala shangazi karibu, wewe unaijua hali hiyo kuliko mtu yeyote.

Jioni ya tarehe 23 Februari 1905 akakaa na wenzake watatu: Silvester Schiele muuza makaa ya mawe, Gustavus Loehr mhandisi wa migodi, na Hiram Shorey fundi nguo. Walikutana ofisini kwa Loehr, chumba namba 711. Wakakubaliana kikao kiwe kinahama, leo kwa huyu, safari ijayo kwa yule. Kule kuzunguka ndiko kulikozaa jina Rotary. Yaani ni kama mchezo wetu wa kupeana, tofauti ni kwamba wao kilichokuwa kinazunguka ni kikao.

SASA KIKAO CHENYEWE KILIKUWAJE?

Kila fani ilitoa mtu mmoja tu. Fundi nguo mmoja, mchapaji mmoja, muuza makaa mmoja. Sababu yake ni rahisi: usipokaa na mshindani wako wa biashara, unaongea kwa uhuru. Pia waliitana majina ya kwanza, vyeo vinabaki mlangoni. Harry Ruggles, ambaye alikuwa mchapaji, akaanzisha kuimba pamoja kikaoni, na tabia hiyo ikasambaa kwenye klabu nyingi.

Kadiri miaka ilivyokwenda, utaratibu ukakaa sawa. Kengele inagongwa, mnakula, wageni wanatambulishwa, mtu mmoja anazungumzia jambo la maana, michango inakusanywa, kengele inagongwa tena watu wanarudi kazini. Katikati yupo mtunza nidhamu anayetoza faini za utani: umechelewa, lipa, umesahau beji, lipa, umepata mtoto hukutuambia, lipa mara mbili! Watu wanacheka, na huku kapu linajaa.

Halafu kulikuwa na mahudhurio, na hapo hawakuwa na masihara. Kwa miaka mingi, ukikosa vikao vinne mfululizo bila sababu, uanachama unaweza kukutoka. Ukiwa safarini, unaruhusiwa kuhudhuria kwenye klabu ya mji uliofikia ili kufidia. Sheria hizo zililegezwa mwaka 2016, sasa klabu zinaweza kujipangia zaidi. Lakini kwa zaidi ya miaka mia, kilichowashika pamoja ni kwamba siku ya kikao ilijulikana na watu walifika.

Mwanzoni lakini walikuwa wanasaidiana wao kwa wao tu. Mimi nanunua makaa kwako, wewe unashona suti kwangu. Mwaka 1906 wakamkaribisha mwanasheria mwingine, Donald Carter. Akasoma malengo yao akawaambia kikundi kisicho na faida kwa mtu aliye nje hakina maisha marefu. Wakamsikiliza, wakaongeza lengo la kuusaidia mji.

Na kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa nini? Vyoo! Vyoo vya umma katikati ya Chicago. Kabla ya hapo mwanaume akibanwa anaingia baa, mwanamke anaingia duka kubwa, na ukiingia si ndiyo ununue kitu. Wenye maduka na watengeneza bia wakapinga, maana ile haja ilikuwa inawaletea wateja. Klabu ikaunganisha vikundi vingine vya mji, ikabanana na halmashauri, na mwaka 1909 vyoo vikafunguliwa. Mama uliyewahi kutembea sokoni na mtoto mgongoni huku umebanwa, utakubaliana nami kwamba kazi hiyo haikuwa ndogo.

NA KINA MAMA WALIKUWA WAPI?

Nje. Tuseme ukweli. Klabu hizi zilikuwa za wanaume. Wake zao walipika, waliuza tiketi, walichangisha, ila kiti hawakuwa nacho. Mwaka 1924 kule Manchester, Uingereza, Margarette Golding akawakusanya wake wa wanachama wakaanzisha chama chao, Inner Wheel. Huyu mama alikuwa nesi na pia mfanyabiashara. Mniruhusu nijivune kidogo kwa niaba ya fani.

Baadaye klabu moja ndogo ya Duarte, California, ikawaingiza wanawake watatu. Mwaka 1978 makao makuu yakaifuta. Wakaenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1987 wakashinda. Mwaka 1989 Rotary ikafungua mlango kwa wanawake dunia nzima. Mwanamke wa kwanza kuwa rais wa Rotary duniani, Jennifer Jones wa Kanada, alishika nafasi hiyo mwaka 2022. Hesabu mwenyewe tangu 1905.

TUFIKE KWENYE MATONE

Mwaka 1979 Rotary walianza na Ufilipino, mpango wa kuwapa matone watoto kama milioni 6. Ikawezekana. Mwaka 1985 wakatangaza mpango wa PolioPlus na lengo la kuchangisha dola milioni 120. Ilipofika 1988 walikuwa na milioni 247. Hizo pesa zilitoka kwenye klabu za kila wiki, kwenye chakula cha mchana, kwenye kapu na zile faini za utani.

Mwaka huohuo wa 1988 nchi za dunia zikakubaliana kuitokomeza polio. Wakati huo ugonjwa ulikuwa kwenye nchi zaidi ya 125, ukikadiriwa kulemaza watoto 350,000 kwa mwaka. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakabeba kazi kubwa, na wanaklabu wakaongeza mikono: wakabeba visanduku vya barafu, wakatoa magari, wakapita nyumba kwa nyumba na wahudumu. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikathibitishwa kuwa haina tena kirusi cha asili cha polio.

Lakini mama, usilale. Mwaka 2022 Malawi ikatangaza mtoto aliyepooza kwa kirusi kinachofanana na cha Pakistani. Msumbiji nayo ikapata. Ndiyo maana mwaka ule Tanzania wahudumu walipita mpaka mlangoni kwako kuwapa watoto matone hata kama walishapata kliniki. Wapo waliofunga milango na kusema kuna jambo linafichwa. Hakukuwa na siri. Kirusi kilikuwa nchi jirani, na kirusi hakigongewi muhuri mpakani.

WEWE INAKUHUSU NINI?

Huhitaji kujiunga na Rotary. Una kikoba, una mchezo, una kikundi cha kwaya au cha madrasa. Siku ya kikao mnayo, katiba mnayo, mtunza nidhamu mnaye, na mfuko wa jamii mnao. Donald Carter angewauliza swali lilelile: mtu aliye nje anapata nini?

Anzeni na dogo. Kikao kijacho kila mwenye mtoto chini ya miaka mitano aje na kadi. Kadi ina pengo? Mtu mmoja amsindikize mama huyo kliniki wiki hiyohiyo. Chanjo iliyochelewa mara nyingi bado inaweza kutolewa, nesi atakupangia, usiogope kusemwa. Kuna aliyejifungua na haonekani kikaoni? Msimtoze faini. Mfuateni nyumbani na uji, mmuulize analalaje, analia lia, ananyonyesha vizuri? Upweke baada ya kujifungua nauona wodini, na mara nyingi dawa yake ya kwanza ni mtu wa kukaa naye.

Sehemu ya 5 tutaongelea surua, na kwa nini dozi ya pili ya miezi 18 inasahaulika sana. Kwa sasa nenda kaangalie ile kadi.