Mficha Maradhi: Vikundi vya Wagonjwa wa Kisukari

Msomaji, yapo maradhi ambayo mtu hupewa dawa, akapona, akayasahau. Yapo pia maradhi yasiyopona, ambayo hutulizwa siku baada ya siku, maisha yote. Kisukari ni mojawapo ya hayo ya pili. Chakula tulacho hugeuzwa mwilini kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika nyama za mwili kwa msaada wa insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Insulini ikikosekana, au mwili usipoitii, sukari hubaki katika damu, nayo huharibu macho, figo na miguu polepole. Mgonjwa wa namna hii ahitaji dawa. Lakini ahitaji watu pia, na jambo hili lina historia yake.

Hapo kale mtoto aliyepatwa na kisukari kikali hakuwa na tumaini. Mwaka 1921, mjini Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kutoa insulini katika kongosho za mbwa. Januari 1922 kijana Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14, alidungwa dawa hiyo, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwayo. Walakini, kupatikana kwa dawa hakukumaliza shida. Ni nani atakayemnunulia maskini? Ni nani atakayemfundisha ale nini, na ajidunge vipi? Kwa sababu hiyo, mwaka 1926 daktari Ernesto Roma alianzisha huko Ureno chama cha kuwalinda wagonjwa wa kisukari walio maskini. Na mwaka 1934 daktari Robert Lawrence na mwandishi H. G. Wells walianzisha chama kama hicho Uingereza. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa kisukari. Basi utaona kwamba chama kilifuata dawa kama kivuli kifuatavyo mtu.

Sasa na tuje Nairobi. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la Kiingereza lililoitwa KAR, nao walipaita Kibra, maana yake msitu. Kawangware ilikuwa nchi ya mashamba ya Wakikuyu kabla ya mji kuimeza. Leo mahali pote pawili pamejaa nyumba za mabati na watu waliotoka kila pembe ya Kenya kutafuta kazi. Mtu aliyeacha shamba akaja mjini hutembea na jembe kidogo, na mara nyingi hula kile kinachopatikana kwa bei ndogo kando ya barabara: mandazi, chapati, vibanzi na chai yenye sukari nyingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 juu ya watu wazima wa Kibera ulionyesha kwamba yapata watu 5 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Wengi hudhani kuwa haya ni maradhi ya matajiri, kumbe sivyo.

Fikiri sasa hali ya kibarua wa huko. Akienda kliniki kila mwezi, akapanga foleni tangu alfajiri hata adhuhuri, amepoteza ujira wa siku, na watoto watalala njaa. Zaidi ya hayo, siku nyingi hasikii maumivu yoyote. Basi huacha dawa. Hapo ndipo maradhi humwendea kimyakimya, hata siku moja kidonda kidogo cha mguu kikakataa kupona, na mguu ukakatwa.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililofanya kazi Kibera kwa miaka 20, tangu mwaka 1997 hadi mwaka 2017, lilijaribu dawa ya tatizo hilo. Mwaka 2013 wagonjwa ambao hali yao imetulia walianza kukusanywa katika vikundi vya watu 25 hadi 35. Walikutana kila baada ya miezi mitatu pamoja na muuguzi. Walipimwa, wakazungumza juu ya afya, wakapewa dawa zilizokwisha fungwa tayari, wakarudi kazini. Mganga aliwaangalia mara moja kwa mwaka, au mara mtu alipozidiwa. Katika mwaka mmoja watu 1,432 waliingia katika vikundi 47. Wengi wao waliishi na virusi vya UKIMWI. Waliosalia walikuwa na shinikizo la damu au kisukari. Kuchanganya huko kulikuwa na busara, kwa kuwa aliyeonekana akiingia mlangoni hakuweza kujulikana anaugua nini, na aibu ikapungua. Kwa njia hiyo kliniki ilipunguziwa mahudhurio zaidi ya 2,000.

Usidhani kwamba desturi hii ililetwa na wageni. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, kazi ya kusaidiana mashambani kwa zamu. Na leo katika mitaa hiyo hiyo akina mama huweka akiba katika vyama vyao. Kikundi cha wagonjwa ni tawi la mti huo. Humo mtu hujifunza yale ambayo daktari hana nafasi ya kuyasema: kupunguza ugali na kuongeza sukuma wiki, kutazama nyayo kila jioni, kutunza insulini katika chungu cha udongo chenye unyevu, mahali pa baridi, ikiwa nyumbani hamna friji. Na mwenzake asipoonekana siku ya mkutano, huenda kumbishia hodi.

Je, mtu wa Kawangware au Kibera atakipataje kikundi? Aanze katika kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, aulize siku ya kliniki ya kisukari, na awaulize wanaongoja pamoja naye. Amwulize pia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwapa wahudumu hao wapatao 100,000 mikoba yenye vyombo vya kupimia, kikiwamo kipimo cha sukari. Na asipokipata kikundi, watu watatu wanaokutana kliniki siku moja watosha kukianza, muuguzi akiwaongoza.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Huenda nyumbani kwenu yuko shangazi au babu anywaye maji kupita kiasi, akaamka usiku mara kwa mara, akakonda bila sababu. Usimcheke, wala usinyamaze. Mshike mkono umpeleke akapimwe. Na akiisha kupimwa, mtafutie wenzake.