Namba iliyopatikana ndani ya teksi

Kila mwandishi wa programu anaijua ile namba inayokaa katikati ya msimbo bila maelezo yoyote. Nani aliiweka? Kwa nini 2 na si 3? Hakuna anayekumbuka, na hakuna anayethubutu kuigusa. Leo nawaletea namba ya aina hiyo, ila hii iliamua vumbi ambalo watu wangevuta kazini.

Beriliamu ni metali nyepesi mno. Marekani iliitumia kwenye silaha za nyuklia, na misombo yake ikatiwa kwenye taa ndefu za mirija. Miaka ya 1940 wafanyakazi wakaanza kukohoa, kukonda na kuishiwa pumzi, wengine wakafa. Mwaka 1946 daktari Harriet Hardy na mwenzake waliandika kuhusu wagonjwa wa kiwanda cha taa huko Massachusetts.

Tume ya Nishati ya Atomiki ikahitaji kikomo upesi. Merril Eisenbud wa Tume hiyo na daktari Willard Machle walikuwa ndani ya teksi wakielekea mkutanoni, wakapiga hesabu humo humo. Metali nzito ziliruhusiwa karibu mikrogramu 100 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Atomu ya beriliamu ni nyepesi mara 20 hivi, basi 5. Wakaongeza tahadhari kidogo, wakashuka hadi 2. Imekwisha!

Mimi siwalaumu. Vumbi lilipungua sana, na ule ugonjwa wa ghafla ukawa nadra. Ninaowalaumu ni waliofuata. Mwaka 1971 OSHA, shirika la serikali la usalama kazini, liliichukua 2 jinsi ilivyo. Mwaka 1975 likapendekeza kuipunguza iwe 1, pendekezo likakwama. Wakati huo kuna watu ambao kinga ya mwili wao huchokozwa na vumbi kidogo tu, na mapafu yao yakaendelea kuharibika hata palipokuwa chini ya 2.

Mwaka 1999 Wizara ya Nishati iliweka 0.2 kuwa kiwango cha kuchukua hatua kwenye maeneo yake. Viwanda vingine vilisubiri hadi 2017, OSHA ilipokubali 0.2 kwa wastani wa saa 8.

Na ile 2? Bado imo kwenye sheria, sasa kama kikomo cha dakika 15.