Neno la Mungu Penye Mpaka wa Shamba



Mwaka 1912 Waadventista Wasabato walianzisha misheni Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii. Septemba 1914 vita vilifika mjini, na misheni ile ikaporwa. Lakini Neno halikuporwa. Mwaka 1948 Agano Jipya lilitolewa kwa Ekegusii. Kwa Biblia nzima watu walingoja hadi 1988.

Ndani ya Biblia hiyo imo Kumbukumbu la Torati 19:14, ambapo Mungu anakataza kuusogeza mpaka wa jirani. Kisii na Nyamira, ambako mashamba ni madogo na ndugu hugawana urithi wa baba yao, amri hii si habari ya Waisraeli wa kale tu. Mtu aweza kuimba vizuri siku ya ibada, na kesho yake akalima hatua moja ndani ya shamba la nduguye. Huyo amesoma kwa macho, moyo haujasoma.

Ndugu yangu, kesho ukishika jembe, simama kwanza penye mpaka. Hapo ndipo jirani atakapoisoma Biblia yako.

Mungu akubariki. Amina.