Orodha ya Majina Nayo Yahitaji Mlinzi



Bunduki huhesabiwa, hufungiwa ghalani, na haitoki bila saini. Mara ngapi orodha ya majina ya raia huachwa wazi juu ya meza? Historia ya nchi yetu yatuonya juu ya uzembe huo.

Mnamo miaka ya 1933 na 1934, utawala wa Kibelgiji uliwahesabu wenyeji wa Rwanda, kisha ukawapa vyeti vilivyomtaja kila mtu kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai, 1962, lakini mstari ule haukufutwa. Novemba 1990 Rais Habyarimana alitangaza kwamba utaondolewa. Agosti 1993 Mapatano ya Arusha yakaagiza hivyo hivyo. Hata hivyo, vitambulisho vya zamani vilibaki mifukoni mwa watu.

Aprili 1994 yalipoanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kitambulisho ndicho kilichodaiwa kwenye vizuizi vya barabarani. Miongoni mwa waliokidai walikuwamo wanajeshi na askari wa jandarmeri, watu waliokula kiapo cha kuwalinda raia. Serikali iliyoundwa Julai mwaka huo iliufuta mstari huo, lakini watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamekwisha kuuawa.

Karani wa mwaka 1933 hakuweza kumjua atakayesoma maandishi yake miaka sitini baadaye. Hiyo ndiyo sababu taarifa za mtu zahitaji sheria kabla ya hatari kuonekana.

Sheria hiyo tunayo. Ni Sheria Namba 058 ya tarehe 13 Oktoba, 2021. Yaagiza kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa shabaha iliyotajwa, zisizidi kiasi kinachohitajiwa, wala zisihifadhiwe kupita muda wake. Asili ya mtu, afya yake, dini yake na alama za mwili wake hupewa ulinzi wa pekee. Taarifa zikivuja, Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao sharti ijulishwe katika muda wa saa 48.

Sasa taifa linaelekea kwenye utambulisho wa kidijiti, wenye alama za vidole na mboni za macho. Kadi iliyoibwa hubadilishwa; kidole hakibadilishwi. Kwa hiyo kanuni zijazo hazina budi kutamka waziwazi nani aruhusiwe kufungua jalada la raia, kwa sababu gani, na nani amkague afunguaye.

Nanyi askari, kazi yenu huwapitishia mikononi majina, simu na makazi ya watu kila siku. Afunguaye jalada la jirani kwa udadisi, au amnong'onezaye rafiki yaliyomo, ameiacha ghala wazi. Linda orodha uliyokabidhiwa kama uilindavyo silaha yako.