Kupakia, Kuamsha, Kusimika: Maneno ya Pwani ya Kilwa na Istilahi za Kompyuta

Historia ya istilahi za Kiswahili haiwezi kuandikwa bila kutaja bandari. Maneno mengi yameingia katika lugha yetu kwa njia ile ile iliyoleta bidhaa na wageni, na pwani ya Kilwa ni ushahidi wa kutosha. Katika Kilwa Kisiwani jumba la masultani la karne ya 14 huitwa Husuni Kubwa, kwa neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya ngome. Kisiwani humo humo ipo ngome iitwayo Gereza. Jina hilo lina asili ya Kireno, na huko kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Wareno waliuteka mji huo mwaka 1505. Neno la nyumba ya ibada limekuwa neno la kifungo. Basi neno likishapokelewa, huongozwa na matumizi ya wenyeji, wala si na asili yake.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maneno ya kazi ya pwani hiyo yaweza kutufaa katika jambo linalowatatiza wafasiri: kueleza jinsi ya kuweka mfumo endeshi wa Linux katika kompyuta kuukuu isiyoweza kuanza kwa flashi wala kwa sidii.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, na miaka ikapita kabla ya marufuku hiyo kulegezwa. Kwa hiyo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilifanya kazi kwa miaka mingi katika nchi yenye kompyuta chache mno, na mafundi walijitafutia maneno yao wenyewe. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za kazi za ofisi zenye amri za Kiswahili. Hata hivyo, kabla mtu hajazifikia programu za namna hiyo, sharti mfumo endeshi wenyewe uwemo katika mashine.

Hapo ndipo penye ugumu. Mashine kuukuu ni kama bandari ya Kilwa Kivinje, ambako maji ni ya kina kifupi: chombo kikubwa hutia nanga mbali, na shehena huletwa pwani kwa mashua. Njia zenyewe ni nne. Ya kwanza ni diski laini, ambayo hubeba megabaiti 1.44 tu, huleta kiini cha mfumo, na sehemu iliyobaki hufuata kwa waya wa mtandao kutoka kompyuta nyingine. Ya pili ni kadi ya mtandao yenye uwezo wa kuomba kiini kutoka kwa seva mara mashine inapopata umeme. Ya tatu ni kutumia mfumo wa zamani uliomo, kama vile DOS, ili uite kiini cha Linux. Ya nne ni kuing'oa diski ya ndani, kuikamilisha katika mashine nyingine, kisha kuirudisha.

Mfasiri akitumia kitenzi kimoja cha "kuweka" kwa hatua zote hizo, msomaji atapotea. Mafundi husema "kufunga", na neno hilo lafaa sana kwa pampu au injini. Lakini katika kompyuta "funga programu" ni amri ya kuizima. Hatari si ya lugha tu. Mfumo uliopakiwa katika kumbukumbu hutoweka umeme unapokatika na kuiacha diski salama. Mfumo unaoingizwa katika diski waweza kufuta yote yaliyomo. Mwalimu mkuu aliyedhani anajaribu tu, kumbe anafuta, atapoteza alama za wanafunzi wake kwa kosa la mfasiri.

Tunapendekeza basi vitenzi vinne, kila kimoja na kazi yake. "Kuwasha" kubaki kwa umeme. "Kuamsha" kuwe ni kuufanya mfumo uanze kazi. "Kupakia" ni kukipeleka kiini katika kumbukumbu. Kwa kuwa "pakia" na "pakua" sasa hutumika pia kwa kupeleka na kuleta faili kwa mtandao, mahali pa kupakia patajwe daima: "pakia kumbukumbuni". Kiambishi chetu cha mahali kinatosha kuondoa utata. "Kusimika" ni kuuthibitisha mfumo katika diski, kama mlingoti unavyosimikwa katika jahazi. Wapo wanaotumia "kusakinisha", kwa maana ya kuufanya mfumo ukae kama mkazi katika maskani yake. Neno hilo pia ni zuri, mradi andiko moja lisiyachanganye yote mawili.

Imebaki ile programu ndogo inayokiongoza kiini hadi kumbukumbuni. Tunaona neno "rubani" lingeifaa. Zamani rubani alikiongoza chombo kuingia bandarini. Baadaye akapewa ndege, kama usukani wa jahazi ulivyopewa gari. Hapana sababu ya kumzuia asipande chombo cha tatu.

Huenda wengine wakasema kwamba fundi huyajua mambo haya kwa Kiingereza, na yatosha. Lakini kompyuta kuukuu mara nyingi humwangukia mwalimu au karani asiye na fundi karibu. Huyo hana msaada mwingine ila maelezo yaliyoandikwa, na anayo haki ya kujua, kabla hajabonyeza, kama anapakia au anasimika.