Propani Hairejeshwi, Huopolewa

Nimefutiwa neno. Mhariri mmoja, ambaye namstahi kwa kutomtaja, alipokea makala yangu kuhusu mitambo inayotoa propani katika gesi asilia, akakuta "uopoaji", akalikata na kuandika juu yake "urejeshaji". Nilipouliza, nikajibiwa kwamba hilo ndilo lililopitishwa na kamati.

Kamati hiyo sijui ilikaa wapi wala ilimaliza chupa ngapi za chai. Najua tu kwamba ilitazama neno la Kiingereza, "recovery", ikafungua kamusi, ikaokota maana ya kwanza. Kurejesha ni kukifanya kitu kirudi kilikotoka, au mikononi mwa aliyekuwa nacho. Mkopo hurejeshwa. Ng'ombe aliyeibwa hurejeshwa. Propani hatujawahi kuwa nayo. Imo ndani ya gesi tangu ardhini na haijamtoroka mtu. Baya zaidi, katika baadhi ya visima vya mafuta, gesi iliyokwisha kutolewa propani husukumwa tena ardhini ili kutunza mgandamizo. Huo ndio urejeshaji! Kutoa na kurudisha vikiitwa kwa jina moja, fundi atafungua vali ipi?

Wengine wamependekeza "usafishaji", kana kwamba propani ni uchafu. "Uvunaji" una adabu kidogo, ila hausemi kitu kinatolewa ndani ya nini.

Opoa ni la ukoo wa vitenzi vinavyotengua hali ya kitu au kukitoa kilipo: fungua, zibua, tegua. Mzizi ukiwa na irabu o, kiambishi hicho cha -ua hugeuka -oa, ndiyo maana kilichochomekwa huchomolewa. Sikio la Mswahili huusikia mwisho huo na kujua kwamba kitu kinatoka. Jirani yake ni chopoa, lakini kuchopoa kuna mkono mwepesi na harufu ya mfukoni mwa mwenzako. Opoa ni halali: ni kutoa kilichozama, kwa subira na kwa chombo. Na chombo chenyewe kina jina, kiopoo.

Kwetu Kilungu, Ukambani, upande wa Nunguni, kamba ya ndoo ilipokatika kisimani hatukuita kamati. Aliitwa mzee mwenye ndoana za chuma, akaziteremsha, akazichezesha katika maji asiyoyaona ndani mpaka zikanasa. Mtambo hufanya hayo hayo. Katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, propani hugeuka kimiminiko penye nyuzi 42 hivi chini ya sifuri. Methani hungoja mpaka 162. Anayesanifu mtambo hufanya kazi yake katika pengo hilo: gesi hupitishwa kwenye turbini, inatanuka ghafla, inapoa, propani inadondoka chini na methani inaendelea na safari yake. Baridi ndiyo kiopoo.

Bwana mmoja wa pwani amenikejeli kwamba Mkamba wa milimani hana la kumfundisha kuhusu opoa, na kwamba siku hizi magazetini huopolewa maiti na mitaani huopolewa wapenzi. Nayajua yote mawili. Neno ni la kwao, nakiri. Mimi nimelikuta limeachwa nje nikaliingiza ndani. Akasema pia kwamba ndoo iliangushwa, hivyo nayo hurejeshwa kwa mwenyewe. Basi na samaki? Huopolewa, na hakuna aliyemwangusha baharini.

Matumizi ni mepesi: mtambo wa kuopoa propani, kiwango cha uopoaji. Zikiingia tani 100 za propani na kuopolewa 95, kiwango ni asilimia 95.

Neno hili hatujalihitaji sana hadi sasa. Gesi ya Songo Songo, Tanzania, iliyogunduliwa mwaka 1974, ni methani karibu tupu, na mitungi ya meko ya kilo 6 inayopandishwa Kilungu kutoka Salama hujazwa gesi iliyoshushwa melini Mombasa. Lakini huko Uganda, katika mradi wa Kingfisher kando ya Ziwa Albert, mpango ni kutoa gesi ya kupikia, ambayo propani ni sehemu yake, katika gesi inayopanda pamoja na mafuta. Habari zake zitafika kwenye meza zenu, wahariri. Siku hiyo, "urejeshaji" waachieni wanaorudisha gesi ardhini.