Kuacha Sigara Kedowa

Kedowa, mji mdogo wa Kaunti ya Kericho kwenye barabara ya kutoka Nakuru, una baridi kali asubuhi, na kwa wavutaji wengi sigara ya kwanza huandamana na kikombe cha chai. Uraibu wa tumbaku ni ugonjwa. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache tu baada ya mtu kuvuta moshi, na ubongo ukishaizoea huidai. Mtu akiikosa, arosto humshika: hasira za ghafla, njaa, usingizi wa mang'amung'amu. Wiki ya kwanza ndiyo ngumu zaidi. Kumwambia mtu wa hali hiyo "jikaze tu" ni kumwonea.

Katika nchi hii ya majani chai kuna jambo ambalo wavutaji hawaambiwi vya kutosha. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini upesi. Mtu akiacha, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, hivyo vikombe vilevile vya jana vinaweza kumpa wasiwasi na kumkosesha usingizi, naye akadhani ni mwili unaolilia sigara. Apunguze chai, hasa ya jioni. Ugoro nao usimdanganye: una nikotini ileile, na kuuhamia si kuacha.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja. Hata hivyo, bado yapo maduka yanayofungua pakiti, na kiberiti cha gesi kimefungwa kamba dirishani ili mteja awashe palepale. Anayeacha na abadilishe duka, walau kwa miezi ya mwanzo.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku kwa watu wazima. Linashauri ushauri nasaha uende pamoja na dawa: bandiko au chingamu ya nikotini, vareniklini, bupropioni au sitisini. Bandiko hupitisha nikotini kidogo kidogo kwenye ngozi, bila lami wala moshi. Muulize daktari au mfamasia ipi inakufaa, hasa ukiwa mjamzito au una ugonjwa mwingine. Wengi huteleza na kurudia kabla ya kuacha kabisa, kwa hiyo aliyewahi kushindwa bado ana nafasi.

Mwambie mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwako kwamba unataka kuacha, au piga 1192, simu isiyo na malipo ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, kabla hujanunua pakiti nyingine.